Kutoa rangi kwenye modeli ya plastiki bila kuiyeyusha

Ndege niliikuta chini ya rundo la midoli pale soko la mitumba la Mlango Mmoja, Mwanza, imelaliwa na dubu mwenye jicho moja. DC-3 ya plastiki, modeli ya ile ndege ya zamani ya abiria yenye propela mbili, kipimo cha 1:72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), mabawa yote yapo, propela moja imekatika. Aliyeiunganisha huko ilikotoka alikuwa na mkono mzuri wa gundi na mkono mbaya wa rangi. Aliisiliba kijani kizito kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ile mistari myembamba ya mabati kwenye bawa ikafukiwa kama mtaro baada ya masika.

"Mjomba, hiyo elfu tatu, na propela nitakutafutia," mama mwenye meza akasema. Propela sijaiona mpaka leo, ila ndege niliondoka nayo.

Nilitaka kuipaka rangi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile lililokufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani, ambalo DC-3 zilikuwa kati ya ndege zake. Ukipaka juu ya kijani kile unapata ndege iliyovaa koti juu ya koti. Lazima rangi ya zamani itoke, na itoke peke yake, plastiki ibaki.

Nimeshatoa rangi kwenye modeli kama kumi na tano, hapa hapa barazani Kirumba, na tatu kati ya hizo niliziua. Ninayoyaandika hapa yametoka kwa zilizopona na kwa zile tatu pia.

Anza na plastiki, rangi baadaye

Watu huniuliza, "Rangi hii inatolewa na nini?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kwamba hicho ulichoshika kimetengenezwa na nini. Kimiminika hakijui rangi inaishia wapi na plastiki inaanzia wapi, kinakula chochote kinachoweza kukila.

Modeli za kuunganisha, zile ambazo vipande vyake huja vimening'inia kwenye fremu, karibu zote ni polistirini. Ni ngumu, nyepesi, na ukiigonga kwa kucha inalia kavu kama kasha la CD. Kasha la CD lenyewe ni polistirini, kwa hiyo ni kitu kizuri cha kufanyia majaribio, maana siku hizi hakuna atakayelililia. Ukiona pembetatu yenye namba 6 chini ya kopo, ni plastiki hiyo hiyo.

Matofali ya kuchezea ya Lego ni ABS, plastiki nyingine ambayo ni imara zaidi lakini maadui zake ni wale wale. Wanyama wa kuchezea na wanasesere wanaopinda ni PVC laini. Hawa usiwaloweke muda mrefu kwenye kitu chochote zaidi ya maji na sabuni, kwa sababu spiriti huvuta ile dawa inayowafanya wawe laini, na mwisho unabaki na twiga mkavu anayekatika shingo. Vijisanamu vya michezo ya vita ya mezani, vyenye urefu wa kidole gumba, vinaweza kuwa polistirini, rezini (kimiminika kilichogandishwa kikawa plastiki ngumu) au chuma, na wakati mwingine kimoja kina vyote vitatu.

Chuma utakijua kwa ubaridi na uzito. Usikijaribu kwa meno kama watu wanavyojaribu sarafu. Askari wa zamani wa kuchezea walimiminwa kwa madini ya risasi, na rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, zilitiwa risasi pia. Madini hayo yakiingia mwilini, hasa mwilini mwa mtoto, hudhuru ubongo. Ukishuku kitu ni cha zamani sana, usikipige msasa mkavu. Fanya kila kitu kikiwa kimelowa ili vumbi lisipande, na unawe mikono kabla ya kugusa chakula.

Rezini ndiyo iliyoniulia modeli ya pili. Kilikuwa kijisanamu kilichochapwa kwa mashine ya 3D, nikakiloweka kwenye spiriti Ijumaa jioni, nikaenda msibani Sengerema, nikarudi Jumatatu. Upanga ulikuwa umepasuka mara tatu na uso umefanya nyufa kama udongo wa kiangazi. Rezini ya aina hiyo hunyonya spiriti, ikavimba, kisha inapokauka inajikunja na kupasuka. Ipe dakika kumi au kumi na tano, sugua, suuza, iache ikauke kabisa kabla ya kurudia.

Vitu vinne vya kutoleta karibu na polistirini

Petroli, thina, asetoni, na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hiyo ya nne ndiyo mtego, kwa sababu ipo nyumbani, ina harufu ya kupendeza, na jina lake linasema inatoa rangi. Nyingi zimejaa asetoni.

Modeli yangu ya kwanza kuua ilikuwa kifaru cha kijeshi cha kipimo cha 1:35. Nilikwenda duka la vifaa vya ujenzi, nikaeleza ninachotaka, muuzaji akanipa thina ya nusu lita akasema hiyo inatoa kila kitu. Hakudanganya. Nilikiloweka saa mbili usiku. Asubuhi kopo lilikuwa na uji wa ulezi, na katikati ya uji huo minyororo miwili ya mpira imekaa salama kabisa, imeshangaa.

Gundi ya modeli za plastiki inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Haibandiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha ngozi ya vipande vyote viwili, plastiki inachanganyika, kimiminika kinaruka hewani, na vipande vinabaki vimeungana kama vilivyochomelewa. Thina na asetoni ni ndugu wa gundi hiyo. Ukizitumia kutoa rangi, unaiambia ndege yako igeuke gundi.

Kwenye chuma hadithi ni nyingine. Kigari cha chuma cha kuchezea kinavumilia asetoni vizuri, mradi umetoa vioo, viti na matairi kwanza. Hivyo vyote ni plastiki.

Spiriti, na wapi pa kuipata

Kwa polistirini silaha yangu ni spiriti, iwe ethanoli ya duka la dawa au isopropili. Zote mbili hulainisha rangi ya akriliki, ile inayochanganywa na maji, ikavimba na kuachia, na polistirini zinaiacha kama ilivyo. Ile ya kusafishia vidonda huwa ni asilimia 70 hivi, iliyobaki ni maji. Inafanya kazi, ila polepole. Ya asilimia 90 na kuendelea inafanya kazi haraka zaidi. Soma kibandiko. Kama hakuna kibandiko, usinunue.

Isopropili kali wanayo mafundi simu, kwa sababu huisafishia bodi zikiingia maji. Pita pale Makoroboi utawaona wamejipanga. Lakini uliza vizuri.

"Fundi, hiyo kwenye kichupa ni isopropili?"

"Ndiyo hiyo hiyo mzee, inasafisha."

"Naomba tone moja hapa."

Nikatoa kipande cha kasha la CD mfukoni, akadondosha, tukangoja. Baada ya dakika moja sehemu ile ikawa na ukungu mweupe na kidole changu kikanata. Ilikuwa thina. Sikuona kama amenidanganya, kwake yeye vyote ni "dawa ya kusafishia". Fundi wa tatu ndiye aliyekuwa na yenyewe, kwenye chupa ya kiwandani yenye maandishi. Tangu siku hiyo kipande cha kasha la CD hakitoki kwenye begi langu.

Jeli ya kunawia mikono iliyobaki tangu enzi za korona pia inafaa, kama ina alikoholi ya asilimia 60 au 70. Ni nzito, kwa hiyo inakaa ukutani mwa modeli bila kuteremka. Konyagi, kabla hujauliza, ina asilimia 35, na nimeshamwambia shemeji yangu kwamba jibu ni hapana.

Dettol nayo wengi wanaitumia na kweli inalainisha rangi vizuri usiku mmoja. Kosa lake ni moja tu. Ukitoa modeli kwenye Dettol ukaipeleka moja kwa moja kwenye maji, rangi yote iliyolainika inageuka ulimbo unaonata kwenye mswaki, kwenye vidole, na kwenye kila mkunjo wa modeli. Isugue na kuisuuza kwa Dettol ile ile mpaka rangi iishe, ndipo uje na sabuni na maji. Kwa bei yake, mimi nimebaki na spiriti.

Mafuta ya breki nimeona watu wakiyasifia. Yanatoa rangi, ni kweli, ila ni sumu ukiyanywa na kuyamwaga popote ni tatizo. Sina sababu ya kuyaweka nyumbani kwa ajili ya kazi ambayo spiriti na usiku mmoja zinaiweza.

Mahali pa kufanyia

Fanya nje. Barazani, uani, chini ya mwembe, popote penye hewa. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo, na ile nzito ya vumbi huzuia vumbi tu. Kinachokulinda ni upepo. Sisi wa kando ya ziwa tuna bahati. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Mimi hukaa ubavu kwa upepo, ili mvuke upite mbele yangu usinijie usoni.

Jambo la moto nitalisema kwa kirefu kidogo. Isopropili huanza kutoa mvuke unaoweza kulipuka ikiwa na nyuzijoto 12 tu, na ethanoli haiko mbali na hapo. Mwanza, hata alfajiri ya Julai, kuna joto kuliko hilo. Maana yake kopo likiwa wazi, muda wowote, mvuke upo. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukapotea, unatambaa sakafuni. Sasa fikiria jiko la mkaa linakaa wapi. Kama kuna jiko linalowaka barazani, langu au la jirani, mimi sifungui kopo. Sigara hivyo hivyo. Na umeme ukikatika ukiwa katikati ya kazi, funika kopo kwanza, washa tochi ya simu, mshumaa usiwepo kabisa. Moto wa spiriti huweza kuwa wa buluu hafifu. Juani unaweza usiuone mpaka umekuunguza. Weka karibu mfuniko wa sufuria na kindoo cha mchanga. Kopo likishika moto, lifunike. Usilipige teke, usilibebe.

Mikononi vaa glovu, zile za buluu za nitraili zinazouzwa kwa boksi duka la dawa. Machoni vaa miwani, hata ya kawaida, kwa sababu nywele za mswaki hurusha matone usoni kila unapozisugua. Hilo utaligundua dakika ya kwanza.

Kitu kingine. Usihifadhi spiriti, mafuta ya taa wala dawa yoyote kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto aliyetoka kucheza mpira haulizi. Chupa iwe na mfuniko unaobana, jina limeandikwa kwa kalamu nene, na ikae juu. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa yenyewe uende nayo.

Kazi yenyewe

Kwanza ioshe modeli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, kwa mswaki laini. Vumbi, mafuta ya mikono na uchafu wa balo vitoke, kwa sababu spiriti ikikutana na mafuta inapoteza muda wako. Nimesema uvuguvugu. Modeli yangu ya tatu, boti ndogo ya uvuvi, niliiosha kwa maji yaliyotoka kuchemka nikidhani naongeza nguvu. Polistirini huanza kulegea kabla maji hayajafika kuchemka. Boti ilitoka kwenye beseni na tabasamu, mbele na nyuma vimepanda juu.

Kisha bomoa kinachobomoka. Vioo vya rubani, taa na kila kitu kinachoangaza viondoe mapema. Plastiki angavu ikipata spiriti inaweza kufanya nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hasa pale ilipobanwa, na nyufa hizo hazirudi. Hivyo visafishe kwa sabuni na kijiti cha meno tu. Kama vimegandishwa kwa supagluu, chomeka wembe taratibu kwenye maungio. Jua pia kwamba spiriti inaweza kulegeza maungio ya supagluu na ile gundi nyeupe ya mbao, kwa hiyo usishangae propela ikijiondoa yenyewe. Chuja kilichomo kwenye kopo kabla hujamwaga kitu.

Sasa jaribu. Chovya kipamba cha masikio kwenye spiriti, kishike dakika moja mahali pasipoonekana, chini ya bawa au ndani ya tundu la magurudumu. Angalia mambo mawili. Kipamba kimeshika rangi? Basi ni akriliki, na safari itakuwa rahisi. Ukibonyeza plastiki kwa kucha, ni ngumu kama mwanzo? Basi endelea. Ikinata, ikilainika au ikiwa nyeupe, suuza haraka na uache. Kama rangi haikutoka kabisa, huenda ni ya mafuta au ni rangi ya gari ya kupuliza, nitaifikia.

Loweka. Chombo kiwe cha kioo, kama chupa ya jemu, au plastiki yenye namba 2 au 5 chini yake. Kopo la mtindi linaweza kuwa na ile namba 6. Modeli izame yote, mfuniko ufungwe, chombo kikae kivulini. Juani mvuke unajijaza na mfuniko unaweza kuruka. Rangi nyembamba ya akriliki huanza kuvimba ndani ya saa moja au mbili. Nene kama ya ndege yangu, usiku kucha. Polistirini inavumilia spiriti siku nzima bila shida.

Shida yangu ilikuwa ukubwa. DC-3 halisi ina bawa la mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Gawanya kwa 72, ni sentimita 40. Hakuna chupa ya jemu inayomeza hiyo, na kujaza beseni zima spiriti ni gharama na ni bomu. Nilichofanya ni hiki. Nilichukua karatasi ya chooni, nikaiviringisha bawani kama bandeji, nikailowesha kwa spiriti mpaka ikashikana na rangi, halafu nikaifunga kwa mfuko wa mkate uliochanwa ili isikauke. (Enzi za rambo, ile mifuko ya plastiki ya dukani, ingekuwa rahisi zaidi, ila zilipigwa marufuku Juni 2019 na sizililii.) Kila saa mbili niliongeza vijiko viwili vitatu. Kwa bawa lote nilitumia chini ya robo lita.

Nilipofungua jioni, rangi ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Hapo ndipo kazi ya mswaki inapoanza, na hapo ndipo watu wanapoharibu. Mswaki uwe laini, wa mtoto ikiwezekana. Sugua kwa kufuata mistari, usiikate. Chovya mswaki kwenye spiriti kila mara, kwa sababu rangi iliyolainika ikikauka inajibandika upya na safari ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Kwenye pembe tumia kijiti cha meno kilichopondwa ncha ikawa kama brashi. Sindano na kisu viache kabatini. Mkwaruzo wa kisu hauondoki, na rangi mpya itauonyesha vizuri kuliko ya zamani.

Baada ya raundi ya kwanza ndege yangu ilikuwa na madoa kama chui. Nikaifunga tena bandeji, nikalala. Asubuhi raundi ya pili ikamaliza karibu yote. Ukiona kuna sehemu imegoma, kishawishi ni kutafuta kitu kikali zaidi. Mara tisa kati ya kumi kinachohitajika ni saa sita nyingine tu.

Na ujue pa kuacha. Doa lililobaki kwenye plastiki si rangi. Pitisha ukucha, kama hausikii ngazi, hapo hapana kitu cha kutoa. Rangi ya msingi iliyoshika vizuri na haijaziba mistari nayo iache.

Mwisho osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha kivulini juu ya kitambaa. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani usiifikirie. Ipe siku nzima kabla ya kupaka.

Rangi iliyogoma

Rangi ya mafuta ya zamani, ile ya vikopo vidogo, haiijali spiriti. Polistirini inastahimili kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, na rangi ya mafuta haiistahimili. Lakini hii ni dawa inayounguza ngozi na inayoweza kukupofusha, kwa hiyo kama nyumba ina watoto wanaotambaa, ipishe.

Ukiamua, pima gramu 50 kwa lita moja ya maji baridi. Maji yatangulie kwenye chombo, kisha nyunyiza kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti. Ukigeuza, maji juu ya kostiki, yanachemka na kukurukia. Hata ukifuata utaratibu, chombo kitapata joto, kiache kipoe ndipo uweke modeli. Chombo kiwe plastiki ya namba 2 au 5. Sufuria zetu nyingi ni alumini, na kostiki huila alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Vigari vya chuma vya kuchezea navyo usiviweke humo, vingi ni vya zinki na vitaliwa. Vaa glovu ndefu za mpira, miwani inayofunika pembeni, shati la mikono mirefu. Angalia kila saa, toa kwa koleo la plastiki, suuza kwa maji mengi kabla ya kugusa mswaki.

Ikikurukia jichoni, osha hapo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, ukilifungua jicho kwa vidole. Usikimbilie hospitali ya Bugando kwanza ukaosha huko. Osha, ndipo uende.

Rangi ya gari ya kupuliza ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kinachoiyeyusha ni thina, na thina tumeshaizungumzia. Isopropili ya asilimia 99 na siku mbili za bandeji wakati mwingine inaifanya ipasuke na kubanduka vipande. Ikigoma, ilainishe kwa msasa namba 800 na maji, upake juu yake. Nimekwishafanya hivyo na sioni aibu.

Vipande vilivyong'arishwa kama kromu, rimu na bampa, huvuliwa kwa jiki ndani ya dakika kumi na tano hivi. Jiki isikutane na spiriti, siki, limau wala dawa ya choo. Mvuke unaotoka hapo ni sumu. Osha vyombo kabla ya kubadilisha dawa.

Ile spiriti chafu

Usiimwage. Ifunge kwenye chupa yake yenye jina, iache siku mbili tatu. Rangi itazama chini kama tope. Spiriti ya juu ichuje kwa kitambaa cha pamba na uitumie tena kwa modeli nyingine. Mimi chupa moja huizungusha mara nne au tano kabla haijachoka. Tope lichanganye na mchanga au pumba za mbao kwenye kopo la bati, liache wazi nje, mbali na moto na watoto, mpaka likauke kabisa. Likishakauka lifunge, liende na taka ngumu.

Mtaro ulio nyuma ya nyumba unajulikana unakokwenda. Mingi ya katikati ya jiji humwaga Mto Mirongo, na Mirongo humwaga ziwani. Maji tunayokunywa yanavutwa ziwa hilo hilo, na dagaa wanaoanikwa pale mwaloni wametoka humo.

Ndege sasa ni kijivu cha fedha, rangi ya plastiki yenyewe, na mistari ya mabati imerudi yote, mpaka riveti za mkiani. Bawa la kushoto, karibu na mwili, kijani kilipotoka kiliacha kitu ambacho sikukitegemea: alama ya kidole, imezama kwenye plastiki, mistari yake yote inahesabika. Aliyeiunganisha alishika bawa gundi ikiwa bado mbichi, plastiki ikiwa imelainika, akabonyeza. Ni kidole kidogo, chembamba kuliko changu. Nilishakunja msasa namba 400 mkononi, nikauweka chini. Iko upande wa chini wa bawa, ndege ikisimama mezani haionekani.